Mume Kapiga Saruji, Mke Karudi Darasani

Leo tunavuka maji, tunakwenda Unguja.

Nina shoga yangu anakaa Mji Mkongwe, mitaa ya Kiponda, kwenye nyumba ya ghorofa mbili ambayo mumewe aliachiwa na bibi yake. Ni wanandoa ambao ukiwakuta Forodhani Ijumaa jioni na mishikaki yao unasema, hawa wamepata. Yeye anasimamia vyumba katika hoteli ndogo ya mle mle mjini: mapazia, vitanda, taa, rangi, vyote vinapita mkononi mwake. Bwana yuko benki.

Mwaka jana nilipowatembelea niliikuta nyumba imenuna. Chanzo? Barua ya kukubaliwa chuo. Shoga yangu alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya ubunifu wa ndani ya nyumba unaojali mazingira, chuo cha Uingereza, kwa njia ya mtandao, huku akiendelea na kazi. Bwana akaniita kama shahidi: "Shemeji, hebu niambie. Pesa ya kiwanja cha Tunguu tukalipie kujifunza kupanga mito?"

Nilicheka. Mwenzangu hakucheka.

Tusimlaumu bwana haraka, maana hesabu yenyewe si ya mchezo. Shahada ya pili ya Uingereza kwa kawaida ina krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka mitatu ni kama saa 11 na nusu kila wiki, kwa miaka miwili ni saa 17. Zinatoka wapi? Zinatoka Forodhani, zinatoka kwa watoto, na tuseme ukweli, zinatoka kitandani. Darasa la saa 12 jioni kule, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa 3 usiku. Mume anarudi tarawehe anamkuta mkewe kavaa hedifoni anazungumza na mwalimu. Msipoyaongea haya kabla ya kulipa ada, mtayaongea baadaye kwa sauti ya juu.

Njia ziko nyingi. Kule Wales kuna Centre for Alternative Technology, kituo kilichoanzishwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Masomo yake ya shahada ya pili ya majengo ya kijani yamesomwa na watu wengi wenye ajira zao, wengine kwa mbali kabisa, wengine kwa kwenda kukaa wiki moja kila somo. Asiye na msingi wowote asirukie huko. Chuo Kikuu Ardhi pale Dar kinafundisha usanifu wa ndani kwa shahada ya kwanza. Na chuo chochote cha nje, ulizia kwanza TCU kama kinatambulika. Kama shida yako ni sebule yako tu, huhitaji digrii, unahitaji fundi mzuri na macho.

Shoga yangu alilipa mwaka wa kwanza kwa mshahara wake na bangili moja ya dhahabu. Kazi ya kwanza aliyopewa: pima nyumba unayoishi, eleza inavyopumua. Akashika futi, akaanzia ukumbini.

Ukuta wa ukumbini ulikuwa fahari ya mumewe. Miaka mitatu nyuma alileta fundi, wakabandua plasta ya zamani ya chokaa, wakapiga saruji, wakapaka rangi ya mafuta ikang'aa kama sahani. Tangu hapo kila masika linatoka doa. Wanasugua, wanapaka, linarudi.

Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mawe yale yananywa maji, na chokaa inayaacha maji yatoke, ukuta ukiloa unakauka wenyewe. Saruji inafunga mlango huo. Maji yanabaki ndani, chumvi inakusanyika, plasta inavimba na kumeguka. Rangi ya mafuta juu yake ni kufunga na dirisha.

Kama ingekuwa doa tu, ningeishia hapa. Lakini dari za Mji Mkongwe zinabebwa na boriti za mikoko, na vichwa vya boriti vimezama ndani ya ukuta huo huo. (Ndiyo maana vyumba vya kule ni vyembamba, upana kama mita 3: boriti ndiyo iliyoamua.) Shoga yangu akapanda ngazi na bisibisi, akachokoa kichwa cha boriti moja juu ya doa. Bisibisi ikazama kama kwenye andazi. Juu ya boriti hiyo ndipo wanapolala watoto.

Watoto walihamishwa usiku ule. Hakuna mtu Unguja aliyesahau tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilipoanguka na watu wawili kupoteza maisha.

Wakaomba kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe, wakamtafuta mzee mmoja fundi wa chokaa, saruji yote ikabanduliwa, boriti nne zikabadilishwa. Nusu ya pesa ya Tunguu ikaenda hapo. Bwana alinyamaza wiki nzima. Mwanamume kuambiwa kwamba kazi aliyojivunia ndiyo iliyokuwa ikila nyumba ya bibi yake, na kuambiwa na mkewe, si jambo dogo. Nampa sifa shoga yangu, hakumsimanga hata mara moja. Mimi ningemsimanga.

Nilirudi mwezi uliopita. Ukuta ni mweupe wa chokaa, haung'ai. Kiyoyozi cha ukumbini kimezimwa, madirisha yako wazi, hewa inapanda kwenye uwazi wa katikati ya nyumba kama ilivyokusudiwa. Nikakumbuka Unguja ilipokaa bila umeme kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009: viyoyozi viligeuka mapambo, kuta nene hazikuhitaji kuwashwa. Siku hizi kuna watu kijani kwao ni ua la plastiki kwenye kona!

Tunguu bado hawajanunua, na ada ya mwaka wa pili inadaiwa. Wakati naondoka bwana alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Shemeji, mwambie shoga yako ile barua ya ada anipe mimi. Asiuze bangili nyingine."

Nikaitikia, nikashika njia. Bangili ya pili ilikuwa imeshauzwa wiki iliyopita.