KINUKACHO SI MTU, NI UNYEVU

Ndugu msomaji, kabla hujaziba pua kwa kuona ninachotaka kusema, hebu vumilia kidogo. Nataka kuzungumzia jambo ambalo sisi wanafunzi wa kutwa tunalijua sana ila hatulitaji: harufu ya viatu.

Muhula uliopita, asubuhi moja baada ya usiku wa mvua, sauti ilitoka nyuma ya darasa: "Nani huyo amekuja na panya mfu?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Mwenye viatu alikuwa mwenzetu anayetembea zaidi ya saa nzima kuja shuleni na saa nzima kurudi. Hakusema neno. Alivuta tu miguu yake chini ya dawati. Siku mbili zilizofuata hakuonekana. Aliporudi alihamia kiti cha dirishani, na mpaka leo yuko hapo. Jioni ile ile nilipovua viatu vyangu nyumbani, nyanya aliniambia, "Mjukuu wangu, hivyo viache huko nje." Lo! Kumbe nyani haoni kundule.

Tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na maoni yangu ni haya: harufu ile si uchafu wa mtu. Ni unyevu uliokosa nafasi ya kukauka. Dawa yake si kicheko wala manukato, bali ni kukausha, na kukausha huko hakuwezekani bila msaada wa shule.

Jasho likitoka mwilini ni maji na chumvi, na karibu halina harufu yoyote. Shida huletwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi. Hao hula jasho na ngozi iliyokufa, kisha hutoa asidi zinazonuka. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza kwamba asidi ya isovaleriki ndiyo hasa hufanya miguu inuke. Bakteria hao hupenda giza, joto na unyevu. Sasa niambie, ndani ya kiatu kilicholowa mna nini kama si hayo matatu? Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hata mbu huifuata harufu hiyo. Huko Tanzania, mtafiti Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara alijulikana sana mwaka 2011 kwa mitego inayowavuta mbu kwa mchanganyiko unaofanana na harufu ya miguu. Basi wakati sisi tunaicheka, wataalamu wanaifanyia kazi.

Tuje kwetu Kebirigo. Mvua yetu ni nyingi, na ndiyo maana majani chai yanastawi. Mara nyingi asubuhi huwa na jua na alasiri mvua ikashuka. Ukitoka nyumbani alfajiri, umande wa nyasi na wa chai unalowesha soksi kabla hujafika barabarani. Jua linapowaka vizuri, viatu viko miguuni chini ya dawati. Ukifika nyumbani ni mvua, halafu ni usiku. Kiatu cha ngozi kilicholowa hakikauki kwa usiku mmoja, kwa hivyo kesho yake unakivaa kikiwa bado kibichi. Hata uoshe miguu mara tatu kwa siku, utanuka tu.

Kuna mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kufanya. Ukifika nyumbani, toa kitambaa cha ndani cha kiatu ukianike peke yake. Jaza kiatu magazeti makuukuu, na yakishalowa uyabadilishe. Kikianza kukauka, saga makaa, uyafunge ndani ya soksi kuukuu, uyaweke humo usiku kucha, kwani makaa hufyonza harufu. Usikiweke karibu na moto wa jikoni, maana ngozi itapasuka, gundi itaachia, na utaongeza harufu ya moshi juu ya ile ya kwanza. Soksi za pamba zigeuze ndani nje, uzioshe kwa sabuni na maji moto, na ukiwa na magadi kidogo uyatie katika maji ya kulowekea, kwa sababu hayo huvunja nguvu ya asidi. Ila usitie magadi kwenye kiatu cha ngozi, yataiharibu. Begi la kitambaa nalo lioshwe na lianikwe likiwa wazi. Kuhusu manukato, hayo ni kufunika tu. Harufu mbili zikikutana huwa ya tatu, tena mbaya zaidi.

Ukiweza kuchagua, nunua soksi za pamba. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu 26 waliofanya mazoezi, wakaona za poliesta zinanuka vibaya kuliko za pamba.

Lakini magazeti na makaa hayashindi mvua ya kila siku. Ndiyo maana nawaomba walimu wetu wapendwa mambo mawili. La kwanza, turuhusiwe kutembea njiani na akala au gambuti, viatu vya sare vikiwa ndani ya begi, tuvibadilishe langoni. La pili, kijengwe kichanja cha mbao kwenye ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, ili aliyelowa aanike viatu na soksi mpaka saa nne, naye akae darasani na akala bila kuadhibiwa.

Najua wapo watakaosema, "Sare ni sare, akala ni uhuni." Nawauliza, mchumaji chai huingia shambani na viatu vya kanisani? Hujifunga plastiki kiunoni, akavaa gambuti, na hakuna amwitaye mhuni. Amevaa kulingana na njia yake. Wengine watasema viatu vitaibwa kichanjani. Basi kila mtu aandike jina ndani ya kiatu, na kila darasa litoe mtu wa zamu. Mbao chache na misumari haziwezi kuishinda shule nzima.

Kuna vijana wanaopanda milima kwa miguu katika mpango wa Tuzo ya Rais, wakapewa nishani za shaba, fedha na dhahabu. Sisi tunatembea kila siku bila nishani. Hatuombi nishani. Tunaomba viatu vikavu.

Nawe msomaji, ukisikia harufu darasani kesho, usiulize ni nani. Uliza ametoka wapi, na kama kuna jua nje. Mimi yule mwenzetu nilimwomba msamaha. Alinijibu, "Haidhuru." Lakini hajarudi kwenye kiti chake cha zamani.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu