Paa la Mabati na Kiu ya Kisiwani

Tumepokea barua ya mama mmoja ambaye mumewe yumo katika kikosi cha majini, ziwani Kivu. Amehamia kisiwa cha Nkombo, Wilaya ya Rusizi, naye auliza: yawaje azungukwe na maji pande zote, na bado wanawe waharishe? Swali hilo haliwahusu wa kisiwani peke yao. Hata sisi wa vilima vya Kigali twajua maana ya bomba kukauka siku tatu.

Kwanza tuondoe hofu moja. Gesi ya methani iliyomo Kivu imelala vilindini, wala siyo inayoumiza matumbo. Adui ni kinyesi. Mvua husomba uchafu wa miteremkoni hadi ufukweni, pale pale pa kutekea. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi waliokusanyika Goma, kaskazini ya ziwa hili hili, walikufa kwa maelfu kwa kipindupindu.

Basi mama na atazame juu. Tangu kampeni ya kuondoa nyakatsi ya mwaka 2011, nyumba zetu zimeezekwa mabati au vigae, na paa la namna hiyo ni kisima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 5, likipata mvua ya milimita 20, hutoa lita 600. Tukitoa moja ya tano kwa yanayopotea, zabaki 480.

Shida ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Watu watano, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia tu, kwa siku 90, huhitaji lita 2,250. Pipa moja halifai kitu hapo. Litakwisha kabla ya Juni kwisha. Tangi la lita 2,500 ni ghali kwa mshahara mmoja, lakini akina mama wa kambini wakiunda kimina, wataweza kununuliana kwa zamu. Nguo na vyombo vioshwe kwa maji ya ziwa.

Mvua ya kwanza baada ya ukame isiingie tangini. Ina vumbi na mavi ya ndege. Kwa paa hilo, mwaga lita 30 za mwanzo, yaani dumu moja na nusu. Tangi lifunikwe kwa wavu. Mimi mwenyewe niliacha langu wazi juma moja tu, nikafuga viluwiluwi vya mbu.

Hata hivyo maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote dakika moja. Kuni zikiadimika, kama zinavyoadimika kisiwani, jaza maji maangavu katika chupa nyeupe za plastiki zisizozidi lita 2, uzilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo.

Jambo la mwisho ni maji yafurikayo. Mvua za siku hizi huja kwa kishindo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya magharibi na kaskazini yaliua watu zaidi ya 130. Mfereji wa ziada usiachwe umwage kwenye msingi wa nyumba au kwa jirani wa chini. Uelekezwe migombani.

Waliouliza kuhusu dawa ya klorini watajibiwa juma lijalo.