Lawama zilizokosea mlango

Injustice 2 ilipotoka Mei 2017 ilipokewa kwa shangwe, na kabla mwaka haujaisha ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mapigano kwenye The Game Awards. Walioitengeneza ni NetherRealm Studios ya Chicago, studio ya Ed Boon, kwa kutumia mashujaa na maadui wa katuni za DC: Batman, Superman, Wonder Woman, Joker na wenzao. Naipenda gemu hii. Ina kasoro pia, na moja ni kubwa, lakini si ile inayotajwa na wengi. Watu wanailaumu pale ilipofanya kazi safi, halafu wanapita kimya pale ilipokosea kweli. Ndiyo maana nataka kuzipitia hoja zao moja baada ya nyingine.

Hoja inayosikika kuliko zote ni kwamba hii ni Mortal Kombat iliyovalishwa joho la Superman. Undugu upo, hakuna anayeukataa. Studio ni moja, na Sub-Zero na Raiden wa Mortal Kombat wamo humu kama wahusika wa kununua. Lakini ukikaa na pedi mkononi kwa jioni moja tu utagundua vidole vinafanya kazi nyingine kabisa. Kwenye Mortal Kombat kuna kitufe maalumu cha kujikinga: unakibonyeza, unasimama nyuma ya ngao yako, na adui akiruka akaangukia mgongoni kwako bado umekingwa. Kwenye Injustice 2 unajikinga kwa kuvuta kijiti nyuma, upande wa kumkimbia adui. Adui akikuruka na kutua upande wa pili, "nyuma" nayo imehama, na usipogeuza kidole kwa wakati unakula kipigo chote. Jambo hili dogo linabadilisha mchezo mzima, kwa sababu pale unaposimama na pale anapotua mwenzako panakuwa na uzito usiokuwapo kule.

Halafu hakuna raundi. Kila mpiganaji ana mistari miwili ya uhai, na wa kwanza ukiisha mpambano unaendelea kutoka hapo hapo. Kwenye gemu yenye raundi, mshindi aliyebaki na uhai kiduchu hujaziwa wote raundi inayofuata, na jasho la aliyeshindwa linapotea bure. Hapa kila ngumi uliyompiga inabaki mwilini mwake hadi mwisho. Nimeona watu waliopoteza mstari wa kwanza wakashinda, si kwa bahati, bali kwa sababu walikuwa wamemtafuna mwenzao kidogo kidogo tangu mwanzo.

Na kuna kitufe ambacho mimi nakiona kuwa roho ya gemu yenyewe, kitufe cha uwezo wa pekee wa kila mhusika. Batman akikibonyeza, popo wa chuma wanamzunguka na anaweza kuwarusha wakati adui anadhani shambulio limekwisha. Atrocitus anamwita Dex-Starr, paka wake mwenye hasira. Flash anapunguza kasi ya dunia, adui anatembea kama aliyezama kwenye maji huku yeye akiendelea na mwendo wake.

Anayenivutia zaidi ni Bane. Bonyeza, anajidunga Venom. Mapigo yake yanakuwa mazito na anaweza kupita katikati ya ngumi ya adui bila kukatizwa. Bonyeza tena, makali yanapanda. Lakini dawa ina muda wake, na ikiisha Bane analegea, vipigo vyake vinakosa nguvu, na kwa sekunde kadhaa jitu lile linakuwa windo. Kwa hiyo anayemchezea Bane anakimbizana na saa: ashambulie sasa akiwa moto, au asubiri na dawa iishe bure? Na anayepambana naye anajifunza kukimbia, kuruka nyuma, kuvuta muda, kisha kurudi kwa nguvu dakika ile ile uraibu unapomdai Bane deni lake. Msomaji wa katuni anamjua mtu huyu. Hapa hakuelezwa kwa maneno, ameelezwa kwa mwendo. Gemu ngapi za mashujaa zimeweza hilo? Nyingi zinakupa sura na mavazi, kisha wote wanapigana kwa namna moja.

Hata vitu vya uwanjani vinafuata tabia ya mtu. Gari lililoegeshwa pembeni ni silaha kwa mwenye misuli: analinyanyua na kulirusha. Mwepesi wa mwili kama Catwoman analitumia kama ngazi ya kurukia na kutoka kwenye kona. Sijui mtu anawezaje kuyaona haya akasema ni Mortal Kombat tu.

Hoja ya pili: "Mtu wa kawaida hawezi kumpiga Superman, kwa hiyo hadithi nzima ni upuuzi." Anayesema hivi hajaifuata hadithi. Tangu gemu ya kwanza, ile ya 2013, waandishi walijua swali hili litaulizwa, wakaweka vidonge vinavyoimarisha mwili wa binadamu kiasi cha kustahimili ngumi za namna hiyo. Katika gemu ya pili Superman anaanza akiwa mfungwa, kwenye seli yenye mwanga wa jua jekundu unaomnyima nguvu zake. Batman ana kriptonaiti na hana aibu ya kuitumia. Unaweza kusema hizi ni mbinu za mwandishi, na kweli ni mbinu, lakini hadithi yoyote inayomkutanisha Batman na Superman imezihitaji.

Wengine wanasonga mbele na kulalamika kwamba Superman ameharibiwa, shujaa wa matumaini kageuzwa dikteta. Hapa siwezi kukubaliana hata kidogo. Joker alimhadaa akamuua kwa mikono yake mwenyewe Lois Lane, mkewe aliyekuwa mjamzito, na moyo wa Lois uliposimama bomu la nyuklia likalipuka na kulifuta jiji la Metropolis. Superman akamuua Joker. Baada ya hapo akaanza kuilazimisha dunia iwe na amani, na kila aliyempinga akawa adui wa amani. Hajageuka kwa sababu ya sumu wala pepo. Amegeuka kwa sababu ya msiba, na kila hatua anayopiga ina sababu ambayo mtu mwenye kufiwa anaweza kuielewa. Hilo ndilo linalotisha.

Gemu ya pili inaleta Brainiac, mkusanyaji wa miji, na kuwalazimisha Batman na Superman kusimama upande mmoja. Wanamshinda. Hapo unatokea ugomvi wenye maana: Batman anataka Brainiac abaki hai ili miji iliyochukuliwa irudishwe, Superman anataka auawe. Mchezaji anachagua upande, na kila upande una mwisho wake. Ukimchagua Superman, unaona akijiunganisha na mashine za Brainiac na kumfanya Batman mtumwa wa akili. Gemu haikufichi ulichokichagua. Nyuso zimechorwa kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba unasoma kusita kwenye paji la uso kabla neno halijatoka, na sauti za Kevin Conroy kwa Batman na George Newbern kwa Superman zinabeba uchovu wa watu waliokuwa marafiki. Kama kuna mtu aliyeonewa kwenye hadithi hii ni Wonder Woman. Amebaki mchochezi, sauti ya kumsukuma Superman kwenye ubaya, na sababu zake mwenyewe hazikupewa nafasi ya kutosha. Mashabiki wake wana haki ya kukasirika.

Kuhusu Deadshot, mpiganaji wa bunduki, wenye kulalamika walikuwa na hoja wakati fulani. Gemu ilipokuwa mpya, mtu alisimama mwisho wa uwanja na bunduki na kukuzuia usisogee. Kwa mchezaji mgeni ilikuwa adhabu. Lakini kutoka hapo kusema kwamba gemu nzima ni ya kurushiana vitu kutoka mbali ni kupindukia. Watengenezaji walimpunguza makali kwa masahihisho, na tangu siku ya kwanza ilikuwepo njia ya kujibu: unatumia sehemu ya mita yako ya nguvu, unabingirika mbele na kupita chini ya risasi. Shida ni kwamba wengi hawataki kuitumia mita kwa ajili hiyo, wanaitunza kwa ajili ya lile pigo kubwa lenye picha za kuvutia. Gharama hiyo ni sehemu ya mchezo.

Mita hiyo hiyo ndiyo inayojibu hoja ya Clash, lile tukio ambapo wapiganaji wawili wanatupiana maneno na kila mmoja anaweka dau kwa siri. Wanasema ni bahati nasibu. Si kweli, kwa sababu unaona mwenzako ana mita kiasi gani, na aliyeitumia yote kwenye mashambulizi hana cha kuweka. Ninacholalamikia mimi ni kwamba tukio lenyewe ni refu. Mara ya kwanza maneno yanafurahisha, mara ya hamsini yanakata mdundo wa mpambano uliokuwa umepamba moto.

Sasa vifaa. "Mwenye hela ndiye anayeshinda," wanasema, kwa sababu kila mhusika anavaa vifaa vya kichwani, kifuani, mikononi, miguuni na cha ziada, na vifaa hivyo vinaongeza nguvu, ulinzi na uhai. Kwa mapambano ya mtandaoni yanayohesabiwa kwenye viwango, hoja hii haisimami. Humo takwimu za vifaa zinazimwa. Unabaki na mwonekano, nguvu zenu ni sawa. Kwenye mashindano makubwa kama Evo ya Las Vegas ilichezwa hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, masanduku yanayotoa vifaa, Mother Box, yanafunguliwa kwa sarafu za ndani unazozipata kwa kucheza. Mwaka ule ule wa 2017 Star Wars Battlefront II ilizua zogo kubwa kwa masanduku yake, na Aprili 2018 Ubelgiji ikatangaza kwamba baadhi ya masanduku ya namna hiyo yanavunja sheria yake ya kamari. Kuiweka Injustice 2 kwenye kapu lile ni kutoitendea haki.

Lakini hapa ndipo watetezi wenzangu wanapokosea, wanadhani kwa kuwa haijali pesa yako basi haina hatia. Gemu hii inakula muda wako, na inaula bila kukulipa. Mchezaji wa peke yake, ambaye hana mtandao mzuri wala rafiki wa kukaa naye, anaishi kwenye Multiverse, sayari baada ya sayari za mapambano dhidi ya kompyuta. Anapigana, anapata sanduku, anafungua, anakuta kofia ya Swamp Thing wakati yeye anamchezea Black Canary. Anafungua lingine, anakuta glavu zinazohitaji kiwango ambacho mhusika wake hajakifikia. Stoo inajaa takataka, anakaa kuuza kimoja kimoja. Na baya zaidi kwangu ni mahali unapopanga timu ya wahusika watatu, kompyuta ikawapiganisha dhidi ya timu ya mtu mwingine, nawe unatazama tu na kupokea sanduku. Fikiria: studio imetengeneza mapigano matamu kiasi kile, halafu ikakujengea chumba ambamo hulazimiki kupigana! Ile kazi yote niliyoieleza juu ya Bane, saa yake na udhaifu wake, imebadilishwa kwa namba za kwenye kofia. Vifaa vingine vinabadilisha hata mapigo yenyewe, jambo zuri kwa wazo, ila kupata kile unachokitaka ni kudra. Kwenye kasoro hii ndipo lawama zilipaswa kubisha hodi.

Orodha ya wahusika sina haja ya kuikalia sana. Ni kweli watu wa Batman wamejazana: Joker, Harley Quinn, Catwoman, Robin, Bane, Scarecrow, Poison Ivy, kisha Red Hood akaongezwa. Ni kweli pia kwamba kati ya nyongeza tisa, nne zilikwenda kwa wageni wasio wa DC, yaani Sub-Zero, Raiden, Hellboy na Teenage Mutant Ninja Turtles, huku Zatanna na Martian Manhunter waliokuwa kwenye gemu ya kwanza wakikosa nafasi. Ila Blue Beetle, Swamp Thing, Doctor Fate na Firestorm si majina ya kuuza sokoni, na waliingizwa wakiwa na mapigo yaliyofikiriwa vizuri. Studio iliyotaka pesa ya haraka tu isingejisumbua nao.

Hoja ya mwisho naisikia zaidi kwetu Afrika Mashariki kuliko kwingine: "Nimeicheza, ni kugusagusa kioo tu." Huyu ameicheza kwenye simu. Injustice 2 ya simu ni gemu nyingine kabisa, wahusika watatu kwa timu, kugusa na kuburuta kidole, kukusanya na kukuza mashujaa. Kujikinga kwa kuvuta nyuma, kuruka na kubadili upande, humo hakuna. Jina ni moja na picha zinafanana, na kosa hilo linaeleweka kwa sababu simu ndiyo iliyo mfukoni mwa wengi. Anayetaka kuihukumu aitafute ya PlayStation 4, Xbox One au kompyuta. Toleo la Legendary Edition la 2018 lina wahusika wote tisa wa nyongeza ndani yake. Aimalize hadithi kwanza, azime takwimu za vifaa, kisha amchague mhusika mmoja na akae naye hadi amjue.