Chumba Kidogo na Sharti Lake

Wako wanaodhani kwamba muziki wa jadi hupata heshima pale tu unapopandishwa katika majukwaa makubwa, mbele ya halaiki ya maelfu na vipaza sauti vya kutetemesha kuta. Nami, kwa insafu yote, naona kinyume chake, na ushahidi wangu ni wenzi wawili wa London, Ewan MacColl na Peggy Seeger, waliokuja kuwa mume na mke kwa sheria mwaka 1977, na ambao kwa miaka mingi waliimba katika vyumba vya ghorofani juu ya vilabu vya pombe, mahali ambapo aliyekaa mbele aliweza kuiona mishipa ya shingo ya mwimbaji.

Mume alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1915, mtoto wa msubu chuma wa Kiskoti, na nyimbo za kale za Uskoti alizirithi nyumbani kwa wazazi wake. Mke alizaliwa New York mwaka 1935 katika nyumba ya wanamuziki, akainukia hodari wa banjo na gitaa. Mume hakuwa mpigaji wa ala. Alizoea kukigeuza kiti nyuma mbele, akakikalia kama apandaye punda, kiganja kakiweka sikioni, akaghani. Na mke, ambaye nyimbo zile hazikuwa za kwao, alimfuata kwa nyuzi taratibu pasi na kumfunika sauti. Ilipowadia zamu yake, mke naye aliimba za Marekani, kwa lafudhi ya Marekani. Kuoana hakukumfanya yeyote kati yao aiache lugha ya mamaye.

Siku moja kijana wa London alisimama akaimba wimbo wa reli wa wafungwa weusi wa Arkansas kwa matamshi ya mashariki ya jiji lile, Peggy akashindwa kukizuia kicheko, na katika mabishano yaliyofuata likazaliwa sharti lililokuja kutawala klabu yao ya Singers Club, iliyoanzishwa mwaka 1961: kila apandaye jukwaani aimbe nyimbo za lugha na jamaa zake. Wengi waligadhibika, na wengine wakamrudishia MacColl mwenyewe lawama, kwamba mzaliwa wa Salford, aliyekwisha kuliacha jina la Miller alilopewa na wazazi, hana haki ya nyimbo za Kiskoti. Lawama hiyo naikataa, kwa kuwa alichokiimba alikipokea kwa wazee wake. Tena sharti lile halikuwafungia vijana mlango, bali liliwatuma kwa wazee wao, na katika miaka hiyo London ikamsikia Sam Larner, mvuvi wa Winterton mwenye umri wa miaka 80 hivi, ambaye nyimbo na masimulizi yake yaliingia katika kipindi cha redio kiitwacho Singing the Fishing, kilichotunukiwa tuzo ya Prix Italia mwaka 1960.

Naamini sharti hilo lisingesimama ila katika chumba kidogo. Katika jukwaa kubwa mtu aweza kuazima sauti ya watu wa mbali asitambulikane, lakini mbele ya watu hamsini, wanaomtazama machoni na kuitikia kiitikio pamoja naye, maneno asiyoyajua maana humsaliti mara moja.

Watasema nyimbo za chumbani hazifiki mbali. Lakini The First Time Ever I Saw Your Face, wimbo ambao MacColl alimtungia Peggy mwaka 1957, uliimbwa kwa miaka mingi katika kumbi ndogo kabla sauti ya mwimbaji Roberta Flack haijaufikisha kileleni mwa chati za Marekani mwaka 1972.

Nasi tulikuwa na vyumba vya namna hii: nyumbani kwa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, Ng'ambo ya Unguja, majirani walijumuika usiku kusikiliza na kujadili yaliyoimbwa. Leo kumbi za jamii katika miji yetu aghalabu hukodishwa kwa arusi na mikutano, na mzee mwenye tungo zake hana pa kuketi. Nazisihi halmashauri zitenge jioni moja kwa wiki, ukumbi ufunguliwe bila kiingilio na bila kipaza sauti, waitwe waimbaji, wakiwamo mume na mke wanaoimba pamoja, na kila mmoja, awe Mdigo au Mgogo, Mmwera au Mgiriama, aimbe alichofunzwa kwao.