Kabla ya injini kubwa, nionyeshe breki

Wadau, leo nachokoza nyuki. Mada hii nimekuwa nikiikwepa kwa muda kwa sababu nusu ya washkaji zangu ni wagonjwa wa magari ya zamani na nusu nyingine ndio mafundi wao. Ila imefika mahali kimya changu kinaanza kufanana na unafiki.

Hoja yangu ni moja. Gari la zamani liboreshwe, sina ugomvi na hilo, tena napenda. Lakini sisi tunaanzia juu, kwenye injini, wakati kazi inatakiwa kuanzia chini: matairi, breki, shokapu, bushi. Na ukimuuliza mtu kwa nini, anakutajia Safari Rally, kana kwamba Safari ilikuwa mashindano ya nani ana injini kubwa. Mtu anayesema hivyo hajawahi kuifuatilia.

Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1970 ilikuwa safari ya kilomita 5,000 na zaidi, kwenye barabara zilezile zenye malori, mabasi na ng'ombe, vumbi asubuhi na tope jioni. Mwaka 1968 yaliondoka magari zaidi ya 90, yakafika 7. Saba tu! Na gari lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, gari la familia lenye injini ya lita 1.6, chini ya Nick Nowicki. Kabla ya hapo, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam wakati huo, naye kwa 404. Wazee wetu waliopanda Pijo za teksi wanajua kwa nini. Lile gari lilikuwa na springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, tairi linafuata shimo badala ya kulipiga.

Chukua pia habari ya Joginder Singh, yule waliyemwita Simba wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa mtumba, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia mwaka mmoja kabla. Kiwanda chenyewe kilishindwa nalo. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na nadhani hapo ndipo siri ilipo. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Halafu kuna Porsche, ambao kila kijana mwenye bango ukutani anawataja. Mwaka 1978 walileta 911 SC. Kazi kubwa waliyoifanya ilikuwa kulinyanyua gari hadi karibu sentimita 28 kutoka ardhini, wakaweka bamba la kukinga tumbo la gari na kuimarisha bodi. Wangeweza kuleta injini kali zaidi, kwani walikuwa nayo. Hawakuleta. Na pamoja na yote hayo walimaliza wa pili na wa nne, wakapigwa na Peugeot 504. Walipokuja kushinda kwenye mashindano ya magari ya zamani, yale ya East African Safari Classic yaliyoanza 2003, Björn Waldegård alichukua ushindi wa 2011 ndani ya 911 akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe akimsomea njia. Ukilala chini ya gari la namna hiyo utaona pesa ilikokwenda: mikono ya magurudumu iliyoimarishwa, shokapu ndefu, vyuma vya kukaza bodi.

Sasa turudi kwetu. Gari linaloongoza kwa kufanyiwa vituko ni Toyota Corolla ya KE70, ile tunayoiita DX. Naielewa mvuto wake. Ni nyepesi, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na fundi yeyote anaijua usingizini. Injini yake ya 4K ya lita 1.3 ni mvumilivu lakini haina mbio. Kwa hiyo kijana anatafuta 4A-GE, ile ya lita 1.6 yenye valvu 16, karibu mara mbili ya nguvu, anaitumbukiza, anaweka ekzosi ya kuamsha mtaa, anaita wapiga picha. Mmoja wao nikiwa mimi.

Mmoja wa hao, dogo tu wa hapa Arusha, alinipakia tukashuka kutoka Ngaramtoni kuja mjini. Gari linavuta, sitasema uongo, mgongo wangu ulibandikwa kwenye siti. Tuta la kwanza breki zikashika vizuri. La pili zikashika kwa kusitasita. Tulipokaribia Sakina kanyagio likazama hadi sakafuni, dogo akaanza kulipampu kama pampu ya baiskeli huku akishusha gia. Mbele yetu kulikuwa na daladala inashusha abiria na akina mama na mabeseni yao ya ndizi pembezoni. Tulisimama. Nafasi iliyobaki ungeweza kuipima kwa hatua.

Dogo akasema ni bahati mbaya. Hapana, bwana, pale hapakuwa na bahati. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 60 hadi 120, mzigo ambao breki zinatakiwa kuumeza hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Mzigo huo wote unageuka kuwa joto, na joto lazima liende mahali. DX ina diski nyembamba zisizo na matundu ya hewa mbele, na dramu nyuma. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu kadiri yanavyokaa. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 230, lakini yakishanywa maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Ndiyo maana kanyagio linazama. Hilo gari lilikuwa na mafuta ya breki ambayo dogo mwenyewe hakumbuki yalibadilishwa lini.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lipo, tena limetolewa na Toyota wenyewe. Mwaka 1983 walitoa AE86, ambayo chasi yake imetokana na hiyo familia ya KE70. Wahandisi walipoiweka ile 4A-GE hawakuishia kwenye injini. Waliweka diski zenye matundu ya hewa mbele, na diski nyuma. Yaani watu waliolibuni gari waliona kwamba nguvu hiyo haifai kwenye breki za zamani. Sisi tunatoa injini kwenye gari moja tunaacha breki zake hapohapo Gerezani, eti bajeti imeisha!

Na hapo sijagusa springi. Huu mtindo wa kukata springi kwa msumeno ili gari lilale chini ni balaa. Springi ikifupishwa inakuwa ngumu zaidi, na nafasi ya kucheza inabaki kidogo, kwa hiyo kwenye shimo shokapu inagonga mwisho na tairi linaruka. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Safari yote miaka hiyo walikuwa wananyanyua magari, sisi kwenye barabara zenye matuta na mahandaki tunayalaza.

Mafundi nao nina neno nao. Ile tabia ya kutoa themostati kila injini inapochemka muiache. Injini inakaa baridi muda wote, inakula mafuta na kuliwa yenyewe. Safisha rejeta, au tafuta nene zaidi. Na zile chujio za hewa za wazi zinazokaa kama uyoga juu ya kabureta, kwa vumbi letu hili, ni kuilisha injini mchanga.

Kuna ndugu zetu wa upande wa pili watakaosoma hapa na kushangilia, wale wasiotaka gari la zamani liguswe hata bomba la breki. Msishangilie mapema. Naheshimu kazi yao. Kule Nairobi kuna Concours d'Elegance iliyoanza 1970, inayoendeshwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, ambapo majaji wanakagua gari mpaka tumboni, usafi na uhalisia wake. Ni jambo zuri, tunahitaji watu wa kututunzia kumbukumbu. Lakini gari lenye mikanda ya mwaka 1972 na breki za mwaka 1972 likiingia barabarani leo, linakutana na Noah na Coaster zinazokimbia mwendo ambao mwaka ule ulikuwa wa mashindano. Uhalisia hausimamishi gari. Fungeni diski za kisasa, wekeni zile za zamani kwenye boksi na kuliandika jina, siku ya maonyesho mzirudishe. Kazi ya siku moja tu.

Mkiniuliza mimi pesa iende wapi kwanza, mwenye DX anunue matairi mapya yenye tarehe inayosomeka, mabomba na mafuta mapya ya breki, diski na kalipa za AE86 kama anazipata au za gari lingine zilizopimwa na fundi anayejua, bushi zote, shokapu nne. Mikanda. Hapo gari lile lile la lita 1.3 litakwenda kasi zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, na mwenyewe atashangaa. Injini mwaka kesho, Mungu akipenda.

Najua haipigi picha vizuri. Hakuna anayefungua boneti kuonyesha bushi. Na sisi wa habari tuna mchango wetu hapa, maana kila makala ya gari ni nguvu ya farasi na mlio wa ekzosi. Kwa hiyo natangaza utaratibu mpya wa kibaraza hiki: mshkaji akiniita nikampigie picha gari lake, nitamwomba kwanza afungue tairi moja la mbele. Nikishaona kilicho nyuma yake ndipo natoa kamera kwenye begi. Wawili tayari wameahirisha.