Maji Tunayomwaga Yanakwenda Wapi?

Akina mama wapenzi, kila siku tunamwaga maji: ya kuoshea vyombo, ya kufulia nepi, ya kuogeshea watoto. Beseni likishakuwa tupu tunageukia kazi nyingine. Ni wachache wanaojiuliza maji hayo yanakwenda wapi.

Maji ya bomba yanayotumika Shinyanga na Kahama huvutwa kutoka Ihelele, kando ya Ziwa Victoria. Basi ziwa lile ni mtungi wetu, na hakuna mama anayenawa miguu ndani ya mtungi wa kunywea.

Jijini Mwanza, kando ya ziwa hilohilo, yako mabwawa ya majitaka ya Butuja. Mabwawa ya namna hii hufanya kazi kwa utaratibu rahisi. Majitaka hupita polepole kutoka bwawa moja hadi jingine. Kwanza uchafu mzito hutuama chini, na vijidudu huula. Kisha mwani wa kijani hutoa hewa inayosaidia vijidudu vingine kuendelea na kazi hiyo. Mwisho, katika maji ya kina kifupi, jua huua vijidudu vya maradhi. Kumbe uchafu wa chooni, ukipewa muda na jua, huoza ukapungua sana kabla maji hayajarudi ziwani.

Lakini upo uchafu usiooza, nao ni zebaki. Katika machimbo madogo ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamagasa, zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu. Donge lile huchomwa, zebaki ikatoka kama mvuke na dhahabu ikabaki. Akina mama nao hufanya kazi hii, wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Wapo wanaochomea jikoni.

Zebaki haimalizwi na vijidudu wala jua. Maji ya kuchenjulia yakifika mtoni, hutulia topeni, na huko vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia kwa samaki, kisha kwa mlaji.

Tujifunze kwa wenzetu wa Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukatambuliwa rasmi. Akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto walioharibika ubongo, kwa kuwa sumu ilimfikia mtoto tumboni. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Najua dada mmoja atauliza, "Nikiacha dhahabu, watoto watakula nini?" Swali lako ni la haki, dada. Sikuambii uache riziki yako. Nakuomba ushike haya:

1. Zebaki isichomwe kamwe ndani ya nyumba. Ichomwe mbali na makazi, katika retoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

2. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasiishike wala wasikae karibu inapochomwa.

3. Maji ya kuchenjulia na marudio yasifike kijitoni. Yawekwe kwenye shimo lililosakafiwa, mbali na mto na kisima.

4. Karai la dhahabu lisiingie jikoni, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na nepi.

5. Msiache kula samaki, maana wanajenga mwili. Dagaa hukusanya zebaki kidogo kuliko samaki wakubwa wanaokula wenzao.

Mama mpenzi, jioni baba akirudi kutoka machimboni, zungumza naye mambo haya kwa upole. Uchafu wa choo tunaweza kuusafisha hata baada ya kuumwaga. Zebaki ikishaingia mtoni, ni kama walivyosema wazee: maji yakimwagika hayazoleki. Mahali pa kuizuia ni mikononi mwetu, kabla hatujainamisha karai.