Mgongo wa Kimbo: hijama, masaji na sindano zinasaidia wapi, na chuku inaanzia wapi

Ukishuka steji ya Kimbo ukaingia ndani ndani ya mtaa, hutatembea mbali kabla ukutane na bango. Hijama. Masaji. Sindano za Kichina. Chini yake kuna orodha: mgongo, miguu kufa ganzi, presha, sukari, nguvu za kiume, zote zinatibiwa na mtu mmoja kwa chumba kimoja. Na si Kimbo peke yake, hii biashara imesambaa Thika Road yote, Githurai hadi Thika tao. (Tunaongea Kimbo ya mtaa, si ile ya mkebe, ingawa hata ile ya mkebe ni ya Bidco wa hapo Thika.)

Wasee wamejigawa mara mbili. Kuna wale wanaapa ati hijama ilimfufua binamu yao, na kuna wale wanasema yote ni wizi na uchawi. Pande zote mbili zinaleta story za jaba, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuuliza kitu gani kinasaidia nini.

Kwanza tukubaliane kwamba watu wanaumia kweli. Angalia nani anaishi hii side. Kuna msee wa mjengo anabeba simiti Tatu City na kwa maploti yanayomea kila kona ya Ruiru. Kuna wa kuvunja mawe kwa machimbo ya Juja na Ndarugo. Kuna mathe anasimama shifti nzima kiwandani, na wa boda ambaye amekalia pikipiki tangu saa kumi na moja asubuhi kwa barabara ya mashimo. Halafu kuna nyinyi watu wa laptop, mnaandika kazi za online usiku kucha mkiwa kitandani, shingo imepinda kama ndoano. WHO inasema mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna ugonjwa mwingine unaofanya watu wengi hivyo washindwe na kazi.

Na kibarua akilala siku moja, hiyo siku hakuna doh. So anameza diclo kutoka duka la dawa, kesho tena, kesho kutwa tena. Hizo dawa zikimezwa mfululizo zinachoma tumbo na zinaumiza figo. Hospitali ya umma anapanga foleni tangu alfajiri ndio aonwe dakika tano. Sasa mtu akimwambia atamshika pale pale panapouma, nusu saa nzima, akimsikiza, mbona asiende? Mimi siwezi kumcheka huyo mteja. Maswali yangu ni ya yule anayemlipisha.

Hijama si ya Wachina pekee na si kitu kipya hapa. Waswahili wa Pwani wanaita kuumika, na chombo chake kinaitwa chuku, yaani pembe ya mnyama iliyotobolewa kwenye ncha. Fundi anaiweka kwa ngozi, anafyonza hewa kwa mdomo, anaziba tundu kwa nta, pembe inang'ang'ania mwili. Sasa kama ulifanya Kiswahili Fomu Four unajua chuku kama kitu tofauti kabisa, ile mbinu ya kutia chumvi ambayo mwalimu alikuwa anataka utaje na mfano. Kamusi zinaweka maana zote mbili kwa neno hilo hilo moja. Kupiga chuku ni kumwumika mtu, na kupiga chuku ni kuongezea story. Wazee wetu walikuwa wamechanuka kitambo.

Kwa Waislamu hijama ni sunna, ndio maana imekita mizizi Mombasa, Lamu na Eastleigh, na wengine wanangoja tarehe 17, 19 au 21 ya mwezi wa Kiislamu ndio waende. Mayuti wengi wa bara waliiona mara ya kwanza Agosti 2016, Michael Phelps alipotokea bwawani kwa Olimpiki ya Rio na miduara ya zambarau begani. Watu waliona miduara, wakaona medali, wakaunganisha.

Kinachofanyika ni hivi. Kikombe kinavuta ngozi na nyama ya juu, mishipa midogo ya damu inapasuka, damu inamwagika chini ya ngozi. Ni jeraha, kama lile unapata ukigonga meza. Ile alama nyeusi haipimi sumu. Inaonyesha tu nguvu ya mvuto na vile ngozi yako iko. Wale wa kuchanja na wembe halafu wafyonze damu watakuonyesha kikombe: "Buda, ona hii damu nyeusi, hii ndiyo ilikuwa inakumaliza." Na buda anajibu, "Asante daktari," kwa sababu ukivaa koti jeupe mtaani wewe ni daktari. Hiyo damu ni nyeusi kwa sababu haina oksijeni nyingi na imeanza kuganda. Damu yangu na yako zikiwekwa hapo zitafanana. Kazi ya kutoa sumu mwilini ni ya ini na figo, na hazihitaji kikombe.

Lakini kuna watu wanasimama kutoka hapo wakiwa wameskia nafuu, na siwezi sema wanadanganya. Tafiti za vikombe ni nyingi ila ndogo ndogo, na shida yake kubwa ni kwamba huwezi mficha mtu kama amewekwa kikombe ama la. Nafuu ya siku chache kwa misuli ya mgongo na shingo inawezekana. Ukitoka hapo ukaenda kwa presha, sukari ama kansa, umeingia chuku ile nyingine.

Kwa sindano, yaani akupancha, story ni tamu zaidi kwa sababu Wajerumani walijaribu kuipima vizuri. Walichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, wakawagawa makundi matatu. La kwanza lilidungwa kwa pointi zinazofuata mpango wa Kichina. La pili lilidungwa juu juu, mahali pasipo na pointi yoyote, na wagonjwa hawakujua tofauti. La tatu lilipata tiba ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Matokeo yalitoka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6. La pili, wale wa kudungwa popote, 44.2. La tatu, 27.4.

Soma hizo namba mos mos. Sindano ilishinda tiba ya kawaida kwa mbali, na huwezi sema haikufanya kitu. Lakini ukidungwa na mtu anayejua ramani ya nishati ya mwili ama udungwe na mtu anayebahatisha, tofauti ni kidogo sana. Maana yake ni kwamba kinachosaidia pengine si ile ramani. Ni kulala chini na kupumzika, mtu wa kukushughulikia vikao 10, kuamini, na vile mwili unajibu ngozi ikiguswa. Bima za Ujerumani zilianza kulipia sindano za mgongo na goti mwaka huo huo. Uingereza nao mwaka 2016 waliwaambia madaktari wasizitumie kwa mgongo wa chini, halafu 2021 wakasema zinaweza kujaribiwa kwa maumivu sugu kwa jumla. Kama wataalamu wa London wenyewe wanapindua hivyo, msee wa bango anayekuhakikishia asilimia mia ametoa wapi hiyo uhakika?

Masaji ndiyo nyepesi kutetea. WHO ilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo Desemba 2023, na masaji imo kati ya vitu inavyokubali, pamoja na mazoezi, elimu na sindano. Mshipi wa kufunga kiuno, ule unauzwa kila mahali, haukupita. Shida ya masaji mtaani kila mtu anaijua: jina limechafuliwa na vile vyumba vya taa nyekundu ambavyo mteja haendi kwa ajili ya mgongo. Anayelipia hiyo sifa ni dem aliyesomea kazi, anayefungua kazi yake halali halafu kila siku anapigiwa simu na wanaume wakiuliza kama kuna "ya ziada".

Sasa tuje kwa kitu ambacho kinanipea wasiwasi kushinda hizi zote, na ni wembe. Hijama ya damu inachanja ngozi. Sindano inaingia mwilini. Virusi vya hepataitisi B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado viambukize. Kikombe kilichosuuzwa kwa beseni na kupanguswa na kitambaa hakijasafishwa. Na hapa kuna hesabu ya umri: Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya hepataitisi B ndani ya ile sindano ya pentavalenti mwisho wa 2001. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa hukuchanjwa kamwe, na huo ni umri wa wateja wengi wa hijama. Ini linaweza kuharibika miaka na usiskie kitu.

Nani anakagua huo wembe? Mtaalamu wa fiziotherapia ana sheria yake ya 2014 na baraza linalompa leseni, Physiotherapy Council of Kenya, so unaweza kuuliza namba yake ukahakikisha. Kwa tiba mbadala, Sheria ya Afya ya 2017 iliahidi kwamba Bunge litaunda chombo cha kuisimamia. Miaka ikapita ahadi ikiwa bado kwa karatasi. Kitambo, waganga wa tiba asili walikuwa wanaandikishwa na idara ya utamaduni, ofisi moja na wacheza ngoma. Tanzania walipitisha sheria yao ya tiba asili na tiba mbadala 2002, na wana Baraza lake. Matapeli Bongo wapo, usinielewe vibaya, lakini angalau kuna mlango wa kubisha ukiumizwa. Hapa kwetu, kibali cha biashara cha kaunti ukutani kinaonyesha mtu amelipia duka. Hakionyeshi kama anajua pafu liko wapi, na hiyo si mzaha: sindano ikizama sana kifuani inaweza kutoboa pafu. Hutokea mara chache, lakini imetokea.

Kuna pia ile mashine ya "kupima mwili mzima", unashika chuma kidogo imeunganishwa na laptop, na kwa dakika moja inatoa makaratasi ya figo, ini, ubongo na mifupa. Hakuna vile chuma cha kiganjani kinaweza kusoma ini yako. Kazi yake ni kukutafutia ugonjwa ndio uuziwe kikao. Tuseme kikao ni thao moja na umeambiwa kumi. Hiyo ni kodi ya keja ya mwezi kwa watu wengi hapa, na imeenda kabla mtu yeyote aulize mgongo ulianza kuuma lini.

Na hilo swali ndilo lingeokoa wengine. Mgongo mwingi unapoa wenyewe kwa wiki kadhaa ukiendelea kutembea, so yeyote aliyekushika hizo wiki atachukua sifa. Lakini kuna mgongo usiofaa kuguswa na kikombe. Kama unauma usiku, unatoka jasho, unakonda bila sababu, inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na dawa za TB hospitali za umma ni bure. Kama katikati ya mapaja pamekufa ganzi, ama mkojo umekataa kutoka ama unatoka bila ruhusa, hiyo ni emajensi ya leo, usingoje kesho: nenda Thika Level 5 ama ile hospitali kubwa ya rufaa ya KU. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwa ndama, usikubali usuguliwe, damu inaweza kuwa imeganda ndani. Na kama unatumia dawa za kulainisha damu, una upungufu wa damu ama uko na mimba, ile ya kuchanja achana nayo.

Kama bado unataka kwenda, na wengi mtaenda, nenda kwa sababu ya misuli. Itisha wembe na sindano mpya zifunguliwe mbele yako, na vikombe vya plastiki vya mtu mmoja vinavyotupwa baadaye. Fundi akikasirika kwa hilo swali, vaa shati. Kama umeshachanjwa na kitu ambacho hukiamini, kituo cha afya cha serikali kitakupa dawa za kuzuia HIV ukifika ndani ya saa 72, na ukifika mapema ni poa zaidi. Ukiwa hapo uliza pia kuhusu hepataitisi B. Ukipimwa upatikane huna, chanjo ni dozi tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili mwezi ukiisha, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.